Eparama na gari lililokataa kunyamaza

King'ora cha zamu ya asubuhi kimeshalia kiwandani, na harufu ya molasi imetanda juu ya mji wa Labasa, hapa kisiwani kwetu, ndiyo kawaida yake msimu wa miwa. Kwenye banda la mabati nyuma ya duka la vipuri, miguu miwili mikubwa inachungulia mlangoni mwa gari dogo jeupe. Mwenye miguu amelala chali kwenye siti ya nyuma. Kiganja kimoja amekibandika kwenye plastiki ya mlango na macho ameyafumba.

"Sukuma," anasema.

Nje, dereva wa gari hilo anaegemea boneti na kulitikisa. Gari linanesa. Kimya.

"Sukuma kama mtu aliyekula, Jekope. Unalibembeleza?"

"Nimekula mihogo mitupu, mtani. Nyama yote uliimaliza wewe pale matangani Jumamosi."

"Nilikula fungu lako kwa sababu ulishalala mdomo wazi. Nzi walikuwa wanaingia na kutoka. Sukuma!"

Gari linanesa tena. Kimya kabisa. Mtu mwingine angefurahi, maana gari limeletwa hapa ili linyamaze. Lakini Eparama Kubou, fundi mwenye umri wa miaka hamsini na minane, anajiburuta kutoka ndani, anajifuta mikono na kulitazama gari kwa hasira ya wazi.

"Linanidanganya," anasema. "Mara ya tatu sasa. Hapa bandani bubu, likitoka mikononi mwangu linaimba."

Mafundi wa injini wamejaa Labasa. Wapo wa breki, wa umeme, wa kunyoosha bodi. Eparama hagusi injini. Kazi yake ni kelele za ndani ya gari: dashibodi inayokereketa, siti inayolia kila dereva anapokanyaga breki, mlango unaoguna, mkanda unaokwaruza. Hana bango wala tangazo. Barabara zetu za changarawe zinamfanyia biashara bure.

Anatoza dola kumi na tano kwa mlio mmoja, na mlio ukirudi halipwi kitu. Msimu wa miwa, malori yanapozichimbua barabara, kipato kinamtosha yeye na mkewe na ada ya mtoto wa mwisho. Mvua zikianza anarudi kwenye shamba lake la magimbi na kungoja.

"Watu wanadhani kazi yangu ni kupaka mafuta," anasema. "Hiyo hata mtoto anaweza. Kazi ni kuchagua upake yapi, na wapi usipake kabisa."

Ukutani kuna rafu ya mbao yenye makopo yake, na mwandishi wa makala haya alipoyagusa tu alipata somo bila kuliomba. Grisi nyeupe ni ya bawaba, chuma kwa chuma. Silikoni ni ya mpira wa mlango. Inapakwa kidogo na kufutwa mpaka udhani hukuipaka. Kopo la tatu ni la kupulizia, linakauka na kuacha utando mwembamba usioshika vumbi. Hilo ni la plastiki inayosuguana na plastiki.

"Ukiweka mafuta ya majimaji pale kwenye plastiki, vumbi la barabarani linakuja kukaa. Wiki mbili umetengeneza msasa. Sasa linalia na linajikwangua."

Na lile kopo la kulegeza nati zilizoshika kutu, ambalo kila dereva wa Labasa analo chini ya siti na anapuliza popote anaposikia kelele?

"Wabarikiwe wote wanaolipuliza," anasema Eparama bila kutabasamu. "Linaosha grisi iliyokuwepo. Mlio unalala siku mbili, ukiamka umeshakua. Hao ndio wateja wangu wazuri."

Pembeni kabisa, mbali na makopo mengine, inaning'inia chupa ya plastiki yenye mafuta ya nazi. Hiyo haitumiki. Imetundikwa iwe fundisho, na mwenye chupa ndiye yule Jekope anayesukuma gari.

Hapa kwetu mafuta ya nazi ni jibu la kila swali. Mtoto akizaliwa anapakwa, mzee akiumwa magoti anakandwa nayo, nywele, ngozi, panga la shambani. Kwa hiyo gari la ukoo lilipoanza kulia, Jekope alifanya ambacho yeyote kati yetu angefanya. Alichukua chupa ya mama yake, ile yenye harufu ya maua, akaisugulia mipira yote ya milango minne.

"Lilinyamaza," anajitetea.

"Lilinyamaza siku tatu! Halafu mipira ikavimba, milango ikakataa kufungwa. Mwambie mwandishi ulikuwa unaifunga na nini."

"Na kiuno."

"Na kiuno! Mtu mzima anacheza ngoma kando ya gari sokoni. Na sisimizi je?"

"Walikuja wachache."

"Walihamia, bwana. Walikuja na wakwe zao."

Wawili hawa ni binamu, mtoto wa kaka na mtoto wa dada, na kwetu binamu wa namna hiyo huruhusiwa kutukanana mpaka kaburini. Hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Lakini asubuhi hii utani wao una kasoro. Jekope anacheka, kisha anatazama barabara. Gari hili jeupe, mtumba kutoka Japani, si teksi na si la starehe. Ndilo linalompeleka bibi yake, wa upande ambao Eparama hana udugu nao, hospitalini kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Na bibi yake amekataa kulipanda.

Bibi huyo ni Adi Taraivini. Adi ni cheo cha mabinti wa ukoo wa machifu, lakini Labasa nzima inamjua zaidi kwa kwaya. Tangu ujana wake amewaongoza waimbaji wa kanisa la kijiji cha Dravuwai, kijiti mkononi, na inasemekana aliweza kumtambua mwimbaji aliyepotoka kwa kusikia anavyovuta pumzi. Sasa ana miaka sabini na minne, na figo zake zimechoka.

Kutoka Dravuwai hadi mjini ni mwendo wa kama saa nzima kwa gari, na sehemu kubwa ni changarawe. Basi alilijaribu, akatapika njia nzima. Lililobaki ni gari la Jekope, na gari la Jekope linalia. Ni mlio mwembamba, wa juu, nyiii, nyiii, kutoka lami inapoishia mpaka nyumbani.

"Akitoka kwenye ile mashine kichwa kinamuuma sana," anaeleza Jekope. "Sasa huo mlio unamwingia kama sindano. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili akasema, Jekope, simamisha gari, nitembee. Wiki iliyopita kagoma. Siku moja hakwenda. Miguu ikavimba hivi." Anaonyesha kwa mikono yake miwili, kisha anaishusha haraka. "Daktari kasema asikose tena. Leo ni siku yake. Kasema haji."

Mtu asikose tena. Kila aliyewahi kuwa na ndugu kwenye mashine hizo anaelewa maana yake, na hapa kwetu ni wachache wasio na ndugu huko.

Eparama alishalitengeneza gari hilo mara mbili. Alianza kwa kuosha mafuta ya nazi yote kwa maji ya sabuni, akabadilisha mipira iliyovimba, akapaka mingine silikoni. Akarudi akakaza siti ya nyuma, akapaka reli zake grisi nyeupe, akafungua paneli za milango akazipulizia dawa kavu. Kila mara aliliendesha yeye na Jekope mpaka kwenye changarawe mbaya kuliko zote. Kimya. Kila mara Bibi alipopanda, gari likaanza kuimba.

Shida nyingine anaisema mwenyewe, bila aibu. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao ambacho leo hakipo. Walipewa vizibo vya masikio, yeye akavitumia kuzibia tundu kwenye mtumbwi wake. Msumeno ukamla sauti za juu. Ndege wadogo hawasikii tena, wala simu ya mkewe ikilia chumba cha pili.

"Kwa hiyo natafuta kwa vidole," anasema na kuvinyoosha. "Mlio kabla haujawa sauti ni mtetemo. Ninaushika. Sikio lingenidanganya hata likiwa zima, maana ndani ya gari sauti inaruka. Unaisikia kulia, kumbe iko kushoto. Kidole hakiruki."

Ila kidole hakishiki kitu ambacho hakitetemeki. Na gari jeupe limesimama mbele yake, bubu, milango minne wazi.

Anayelifumbua fumbo si fundi wala dereva. Ni Vimlesh Chand, mwenye duka la vipuri, ambaye ndiye anayemuuzia Eparama makopo yake na kumkodisha banda. Anatoka na bakuli la mchuzi na roti mbili, anasimama mlangoni, anatafuna huku akisikiliza malalamiko.

"Bhai," anasema, akimaanisha ndugu, "linalia akipanda Bibi tu?"

"Akipanda Bibi tu."

"Akishuka linanyamaza?"

"Ndiyo, Vimlesh. Tumeshasema."

"Sasa kwa nini usikae naye ndani ya gari, ukatafuta akiwa amepanda?"

Wanaume wawili wanamtazama kana kwamba ametema mate kanisani.

Ni lazima hapa tuwatetee kidogo, maana sisi wote tungekosea hivyo hivyo. Adi Taraivini ni mtu wa cheo. Mbele yake mtu hupita ameinama. Hutanui mabega ukakaa naye siti moja, humkodolei macho, na juu ya yote hupitishi mkono wako juu ya kichwa chake. Jekope alikuwa amekigeuza kioo cha ndani kitazame dari, ili asionekane anamchungulia Bibi. Fundi alilijaribu gari mara tatu kwa heshima zote, bila yule mtu mmoja anayeliliza.

"Mimi ni Mhindi, mjukuu wa wakata miwa," anasema Vimlesh, akichovya roti. "Sijui mambo yenu. Lakini jino likiuma, bhai, daktari humtaka mwenye jino."

Eparama anaifunga milango yote minne. Kisha anachukua makopo mawili, bisibisi, kipande cha kitambaa kinene cha sufu, na anamwambia Jekope apitie sokoni. Huko ananunua fungu la mizizi ya kava, ile inayotwangwa kuwa kinywaji cha heshima, iliyofungwa vizuri kwa karatasi. Kwa mwenye cheo hatuendi mikono mitupu, hasa tunapokwenda kuomba jambo lisiloombwa.

Nyumbani kwake Dravuwai, Adi Taraivini amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imefunikwa kwa shuka. Ni mwanamke mkubwa wa umbo aliyeanza kupungua, mwenye nywele nyeupe zilizochanwa duara kubwa. Wageni wanaketi mbali, karibu na mlango. Eparama anaisogeza mizizi mbele, anasema maneno yanayopaswa kusemwa, akiwa ameinamisha kichwa. Bibi anaipokea. Kisha anamtazama.

"Wewe ni mtoto wa Litia."

"Ndiyo, Bibi."

"Ulikuwa besi. Safu ya nyuma. Ulikuwa unasinzia."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe ndiye unayemdanganya mjukuu wangu kwamba gari limepona."

Jekope anaangalia mkeka. Eparama anainamisha kichwa zaidi.

"Bibi, nimekuja kuomba tupande wote. Leo. Tuingie barabarani, uniambie linapolia. Mimi masikio yangu yameharibika. Nahitaji yako."

Nje jogoo anawika saa isiyo yake. Mwandishi amehudhuria shughuli nyingi za heshima katika kisiwa hiki, na hajawahi kumsikia fundi akimwomba mtu wa cheo masikio yake.

"Nimeshasema siendi hospitali leo," anasema Bibi.

"Hatuendi hospitali, Bibi. Tunakwenda mpaka darajani na kurudi."

"Naweza kuvumilia maumivu," anasema, polepole, kwa wote waliomo. "Nimezaa. Nimezika. Lakini sijawahi kuvumilia soprano asiyejua kunyamaza." Kisha ananyoosha mkono ainuliwe.

Tunapanda. Bibi siti ya nyuma, kushoto, mahali pake pa siku zote. Mwandishi amejibana mlango wa pili, magoti kidevuni. Eparama mbele, Jekope usukani. Changarawe inaanza mara tu baada ya kanisa, na gari linaanza kuruka.

"Hiyo," anasema Bibi.

Mwandishi anausikia pia, nyiii, mwembamba. Eparama hasikii kitu. Inaonekana shingoni mwake kwamba hasikii.

"Iko wapi, Bibi?"

"Juu. Na siyo moja, ziko mbili. Moja ni noti ya la, nyingine imepanda kidogo, inataka kuwa ti na haifiki. Ndiyo maana inaniua. Ingekuwa la tupu ningezoea."

"Juu upande gani?"

"Geuka utazame, mtoto wa Litia. Unaongea na kioo?"

Ndipo Eparama anafanya lile ambalo binamu yake hajalifanya siku zote hizo. Anageuka, anamtazama Adi Taraivini jinsi alivyokaa. Amefunga mkanda. Mkono mmoja uko mapajani. Wa kushoto ameuinua juu, ameshika mshikio wa darini juu ya dirisha, ameushika kwa nguvu zote za mtu ambaye hataki kuyumba mbele ya watu.

"Bibi," anasema Eparama taratibu. "Naomba uachie mshikio."

Anauachia. Kimya.

"Naomba ushike."

Nyiii.

"Aisee!" anapayuka Jekope, na anakaribia kutupeleka kwenye miwa.

Sisi wengine hatuushiki ule mshikio. Dereva ana usukani wake, na Eparama alipokuwa anajaribu gari alikuwa na mikono kwenye milango. Aliyekuwa anaushika ni mmoja tu, na ndiye ambaye hakuna aliyethubutu kumtazama.

Jekope anasimamisha gari kando ya barabara. Kazi iliyobaki ni ndogo, ila iko mahali pabaya kuliko pote. Mshikio huo una vitako viwili vya plastiki vinavyogusa dari. Ili ajue kipi kinasugua, na kinasugua nini, Eparama anahitaji Bibi avute huku yeye amebandika vidole pale pale, juu ya ule utosi mweupe.

Anatoka, anafungua mlango wa Bibi, anapiga magoti kwenye changarawe. Hata akiwa amepiga magoti, mkono lazima upite juu.

"Mtani, mimi simo," anasema Jekope kutoka mbele. "Mimi natazama ng'ombe wale."

Eparama ananyoosha mkono, anaurudisha. Mara mbili.

"Nilikupiga na kijiti mara ngapi?" anauliza Bibi.

"Nyingi, Bibi."

"Kichwani?"

"Kichwani, Bibi."

"Basi nimepitisha mkono juu ya kichwa chako bila kukuomba ruhusa. Inua wako."

"Tilou," anasema Eparama, neno letu la kuomba radhi kwa kupita palipo juu ya mtu. "Tilou, Bibi, tilou." Analirudia mpaka vidole vinafika. Anayafumba macho. Bibi anavuta, anaachia, anavuta. Na uso wa fundi, uliokuwa umekunjamana tangu asubuhi, unafunguka.

"Ninao," ananong'ona. "Viko viwili kweli. Cha mbele kinasugua plastiki ya nguzo. Cha nyuma kimelegea skrubu. La na ti yako, Bibi."

"Nilisema."

Anauteremsha mkono, anarudi nyuma hatua moja akiwa bado magotini, na anapiga makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa, kama ilivyo desturi baada ya kugusa pasipoguswa. Ni barabarani, kuna lori la miwa linapita, dereva wake anatushangaa.

Hapo ndipo alipochagua, na mwandishi alitaka kuona anachagua nini. Silikoni ilikuwa karibu, mfukoni, na ingenyamazisha palepale. Aliitazama akairudisha.

"Ile inatambaa," anaeleza. "Leo iko kwenye plastiki, kesho imeshaingia kwenye kitambaa cha dari, doa mpaka huku. Na vumbi linaifuata. Tena ni mgonjwa, mkono wake unashika pale kila siku, ukiteleza je? Pale ni mahali pa kavu."

Alichukua ile inayokauka. Lakini hakuipuliza ndani. Aliufungua mshikio kwa bisibisi, akavuka nao barabara mpaka upande unakoelekea upepo, akapuliza kidogo vitakoni akiwa ametupa mgongo, akangoja harufu iondoke yote, akanusa, akangoja tena. Kitako cha mbele akakiwekea kipande chembamba cha sufu. Kisha akaja kuurudisha, tilou, tilou, akakaza skrubu zote mbili mpaka mwisho.

"Skrubu iliyolegea haitaki mafuta," anasema. "Inataka kukazwa. Nusu ya watu wanaonijia wangekuwa wamekaza tu."

Tukaelekea darajani, kupitia mashimo ambayo madereva huyataja kwa majina. Bibi aliushika mshikio, akauvuta kwa makusudi, akauvuta tena. Hakuna. Tulisikia mawe chini ya gari, tukasikia injini, tukasikia Jekope anavyopumua. Mwandishi alitaka kushangilia, akaona uso wa Bibi akaacha.

Alikuwa analia. Machozi tu, bila sauti.

"Nilikuwa naomba lisinyamaze," alisema mwishowe.

Jekope alipunguza mwendo.

"Nimechoka na ile mashine. Nilipata sababu nzuri. Nikisema nimechoka, mtanishika miguu mnilie. Nikisema ni gari, kila mtu anasema kweli, ni gari." Alifuta uso kwa ncha ya shuka. "Sasa huyu kaja kuninyang'anya."

Eparama hakugeuka safari hii. Alikuwa ameshika kopo lake kwa mikono miwili.

"Nisamehe, Bibi," alisema. "Kazi yangu ni hiyo tu. Ningejua kuziponya figo ningeziponya."

Gari lilifika darajani na kusimama, kwa kuwa Jekope hakuambiwa aende wapi. Upande mmoja nyumbani, upande wa pili mjini. Bibi alitazama mto kwa muda. Akaujaribu mshikio mara moja zaidi, kwa kidole kimoja, kama anayemjaribu mwimbaji mpya.

"Siku hizi mashine inafungwa saa ngapi?" aliuliza.

"Tukienda sasa tunawahi, Bibi!"

"Basi usikae hapo. Na usikimbize. Na kioo chako hicho kigeuze, unanitisha. Mtu gani anaendesha bila kutazama nyuma?"

Ijumaa moja baadaye, Eparama yuko bandani kwake na kanuni mpya, ambayo Vimlesh ameiandika kwa chaki mlangoni kwa sababu anasema ni yake: gari halitoki mpaka mwenyewe akae pale anapokaa siku zote, awe mchungaji, awe mama mkwe, awe chifu. Wateja wawili wamenuna. Wa tatu alikaa, na ikagundulika kilichokuwa kinalia ni mkoba wake.

Eparama ana mpango. Anataka kusakafia mbele ya banda na kupigilia mbao fupi fupi sakafuni zifanane na changarawe ya Dravuwai, ili gari lirukeruke papo hapo na mwenyewe yumo ndani. Saruji ameshaanza kuipata, mfuko mmoja mmoja. Mbao ataomba kwa Jekope, "maana hana anachozifanyia, hata nyumba yake imeinama."

Anakatiza maneno. Anatazama barabara, na mwandishi anatazama pia.

Gari jeupe linapita, vioo vimeshushwa, linarudi kutoka hospitalini. Siti ya nyuma, mkono mnene umeshika mshikio juu ya dirisha, na mwingine unakatakata hewa kwa mapigo ya wimbo. Adi Taraivini anaimba alto, sauti ya mgonjwa, imepungua, lakini kila noti iko mahali pake. Mbele yake Jekope anajaribu besi.

Eparama ameweka kiganja nyuma ya sikio.

"Gari silisikii," anasema.

"Halilii," anamjibu mwandishi.

"Yule je, anayenguruma?"

"Huyo ni binamu yako, anaimba."

"Kwa huyo sina kopo."

Anacheka mpaka anakaa chini, kisha anaacha kucheka na kulifuata gari kwa macho mpaka linapotelea nyuma ya miwa.

"Apite hivyo mwaka huu," anasema. "Na ujao, na mwingine. Mimi hilo ndilo ninalotaka. Na ule mlio ukirudi, aje tu hata usiku. Kwangu ukirudi hulipi."